Mabomu Mawili ya Kasembe

Kabla ya kusukuma kitanda chochote, Mathieu Mwamba aliuliza maswali manne. Breki imefunguliwa? Magurudumu yamenyooka? Chupa ya dripu imening'inia vizuri? Abiria yuko tayari? Swali la nne alimwuliza mgonjwa mwenyewe, kwa Kifaransa chenye adabu, na hakutoka chumbani mpaka ajibiwe. Wagonjwa wengine walicheka. Wengine, waliokuwa wakipelekwa kupasuliwa huku meno yakigongana kwa hofu, walijikuta wakijibu, "Prêt, mon commandant," kwamba wako tayari, bila kufundishwa na mtu, na hofu ikapungua kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili alisafirisha watu katika korido za hospitali kubwa ya Jette, jijini Brussels, kutoka wodini hadi kwenye mashine za picha, kutoka kwenye picha hadi wodini, na hakuwahi kugonga ukuta hata mara moja. Alijivunia hilo kuliko nishani aliyovishwa akiwa na miaka ishirini na sita.

Manesi walidhani ukomandanti wake ni mzaha aliojibunia kupitisha saa za zamu. Haukuwa mzaha wote. Jeshini alifika cheo cha kapteni. Hayo mengine wagonjwa walimwongezea wenyewe.

Alizaliwa Likasi, mtoto wa nne wa fundi wa tanuru la shaba, mtu aliyerudi nyumbani kila jioni akiwa na nyusi zilizoungua. Mapadri walimfundisha hesabu, na hesabu ikamtoa Likasi. Mwaka alipotimiza ishirini na mmoja, jeshi la anga lilimpeleka Italia ya kusini, karibu na mji wa Lecce, kwenye mashamba ya mizeituni na upepo wa bahari, akajifunza kuendesha ndege ndogo za jeti zenye mabomu chini ya mabawa. Alifundishwa kuruka kwa Kiitaliano, akaota kwa Kiitaliano, na mpaka leo akiudhika huhesabu kwa Kiitaliano, uno, due, tre, polepole, mpaka hasira ishuke. Mkewe Rolande, ambaye hajawahi kufika Italia, anaamini kwamba ni matusi, na kila mara humrudishia mengine kwa Kiluba ili wawe sawa.

Halafu ikaja vita ya mwaka sabini na saba, ile ambayo watu wa Katanga, mkoa ulioitwa Shaba wakati huo, huiita vita ya siku themanini. Waasi walivuka mpaka kutoka Angola wakiwa na baiskeli na bunduki. Serikali ikapeleka ndege. Mathieu aliruka safari sita kutoka kambi ya Kamina. Katika safari tano aliona alichoambiwa akione: lori, kilima, njia ya reli. Watu hakuwaona. Kutoka juu, kwa kasi ile, nchi ni rangi tu, kijani na nyekundu, na moshi wa jiko la mama anayepika ugali haupishani na moshi wa kitu kingine.

Safari ya sita alitumwa kuvunja daraja karibu na kijiji kiitwacho Kasembe, magharibi ya Kolwezi. Wingu lilikuwa limefunga, jeupe, zito, limelala juu ya miti. Alizunguka mara tatu akitafuta tundu. Mafuta yalipungua, na kutua na mabomu ilikuwa marufuku. Basi akatazama saa, akatazama dira, akafanya hesabu ya mapadri, akayaachia mabomu yote mawili ndani ya weupe ule. Akarudi Kamina, na kwenye karatasi ya taarifa akaandika maneno mawili ya Kifaransa: daraja limevunjwa. Wakamvisha nishani. Mwezi uliofuata askari wa miguu walivuka daraja lile lile na malori yao, likiwa zima kama siku lilipojengwa, na hakuna mkubwa aliyeuliza kitu.

Mathieu peke yake ndiye aliyeuliza, na alijiuliza mwenyewe. Kama hayakuanguka darajani, yalianguka wapi? Chini ya wingu lile asubuhi ile kulikuwa na nani?

Angeweza kutafuta jibu. Simu zipo, na watu wa Kolwezi wamejaa Brussels. Lakini muda wote ambao hakuuliza, kijiji kile kilibaki kizima kwa nusu, na nusu ilimtosha kuishi nayo. Akajizoesha jambo moja. Kwenye kila sherehe, ubatizo au matanga, alimwuliza kila Mkatanga mgeni ametoka wapi. Akisikia Lubumbashi, Likasi au Kamina, mabega yake yalishuka, na hapo mtu hakupata rafiki mchangamfu zaidi yake. Akisikia upande wa magharibi ya Kolwezi, alitafuta koti lake. Rolande alisema mumewe ana majivuno ya watu wa Likasi, na kwa kuwa yeye mwenyewe ni wa Likasi, hakuona kosa.

Baada ya vita ndege zilikosa mafuta, kisha marubani wakakosa mishahara, kisha mwaka tisini na moja, mwaka wa uporaji, watu wakang'oa hata viti vya jengo la uwanja wa ndege. Mathieu akaja Ubelgiji na mke na sanduku. Alianza kwa kuosha vyombo katika mkahawa mmoja karibu na Porte de Namur, akaingia hospitali, akapata mtoto alipokuwa ameshakata tamaa ya kupata, na maisha yakawa mema. Ni lazima niliseme hilo wazi, kwa sababu watu hupenda kuwaandika wakimbizi kama watu wanaolia dirishani. Mathieu hakulia dirishani. Alikuwa mpishi hodari wa tambi, mwimbaji mbaya wa kwaya, na mtu ambaye majirani wa ghorofa zote tano walimwachia funguo zao wanapokwenda likizo.

Mtoto huyo ni Chloé, sasa ana miaka thelathini, anatafsiri nyaraka katika ofisi moja ya Quartier européen, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya. Masika ya mwaka jana alimleta nyumbani kijana mmoja mrefu anayeitwa Doudou, fundi wa lifti.

"Papa," Doudou alisema kwa Kiswahili cha Katanga baada ya sahani ya pili, "shiye wawili tuko kazi moja. Kupanda na kushuka."

"Tofauti ni kamba," Mathieu akajibu. "Miye sikukuwaka na kamba."

"Njo maana miye ninalala usingizi."

Walicheka wote wanne. Mathieu alimpenda hapo hapo. Akamjazia sahani mara ya tatu, na kwa mazoea tu, huku akikuna jibini, akauliza, "Na kwenu ni wapi?"

"Kolwezi."

"Kolwezi muji, ao inje ya muji?"

"Papa yangu alikuwaka wa muji. Maman ni wa mugini kamoja kadogo, papa, hauwezi kukajua. Kasembe."

"Ninakajua," Mathieu alisema. Akasimama, akaenda jikoni, akafungua friji na kubaki amesimama mbele yake.

"Unatafuta nini mule?" Rolande aliuliza kutoka mezani.

"Mayi."

"Mayi iko ku robinet ya jikoni tangu tuingie mu hii nyumba."

Walipanga dote, yaani siku ya familia ya kijana kuleta mahari, iwe baada ya wiki sita. Katika wiki hizo sita Mathieu alipanda tramu mara mbili kwenda Anderlecht, anakoishi Maman Thérèse, mama yake Doudou, na mara zote mbili alishuka katikati ya njia na kurudi. Alijiambia ni kwa ajili ya desturi. Kwa desturi yetu, wazazi wa pande mbili hawakutani kabla ya dote. Na hata siku yenyewe hawasemi. Kila upande una msemaji wake, wazazi wanakaa kimya kama picha, na mzazi anayefungua mdomo anatozwa kreti ya bia. Mathieu alijificha nyuma ya desturi hiyo kwa raha ya mtu aliyepata mwavuli. Lakini usiku na mchana alijua kwamba siku inakuja ambapo ataketi hatua nne kutoka kwa mtu wa Kasembe, na kwamba ama atauliza, ama atamwoza mwanawe kwa watu ambao hajui amewafanya nini.

Msemaji wa upande wake alikuwa Anaclet, mume wa mdogo wake Rolande. Anaclet ni mtu wa Bukavu na ni mlinzi katika jengo moja karibu na kituo cha metro cha Schuman. Siku tano kwa wiki anasimama mbele ya mlango wa kioo akidai vitambulisho kwa neno moja tu: "Badge." Maneno yote mengine ya wiki huyalimbikiza, na Jumamosi huyatoa.

"Beau-frère," Mathieu alimwambia shemeji yake huyo siku mbili kabla, "ile siku, usizungumze vita."

"Alors nitasema nini? Ya kusukuma vitanda?"

"Vitanda iko muzuri."

"Muntu anaoa binti ya rubani wa mabomu, weye unataka nimuambie vitanda." Anaclet alitikisa kichwa kwa huruma. "Bon. Sitasema vita."

Na kwa haki yake, alikusudia kutimiza.

Dote ilifanyika ukumbi wa parokia, Jette, Jumamosi saa nane mchana, maana yake saa kumi. Chloé alifichwa jikoni pamoja na shangazi zake, kama inavyotakiwa, mpaka atakapoitwa. Wakwe walibisha hodi mlangoni, wakakataliwa, wakabisha tena, wakaingia na vitenge, mbuzi aliyetajwa kwa maneno tu na chumvi ya kweli. Msemaji wao, Tonton Kapend, mzee mwembamba mwenye sauti ya polepole, alieleza kwamba walikuwa wanapita tu njiani wakaona ua zuri ndani ya ua wa watu, na wamekuja kuuliza lina mwenyewe.

Anaclet alisimama kujibu. Alianza vizuri. Alisema ua hilo halikuota jalalani. Alisema lilinyweshwa maji na chuo kikuu. Watu wakapiga makofi, na makofi yakampanda kichwani. Unaweza kusimama siku tano mbele ya mlango bila kosa. Shida ni siku ya sita, ukipigiwa makofi.

"Na baba yake," Anaclet akasema, "munajua baba yake ni nani? Soixante-dix-sept, sabini na saba, wakati Shaba ilikuwa inawaka, ni nani alipanda juu? Ni huyu. Alimwanga moto toka Kolwezi paka ku mupaka. Muntu wa vile njo anawapatia binti."

Upande wa kushoto, wa familia ya kijana, watu waliokuwa wamesimama nusu ili kupiga makofi walikaa tena. Maman Thérèse, mwanamke mnene wa miaka sitini na mitano, mwenye miwani ya kamba ya dhahabu, alijifunika mabega kwa kitenge chake na kumtazama Mathieu kwa mara ya kwanza. Doudou alitazama viatu vyake.

"Tonton Anaclet," Kapend alisema, polepole zaidi kuliko mwanzo, "weye ni wa Bukavu, tunakusamehe. Soixante-dix-sept, shiye tulikuwa chini ya ule moto."

Kimya cha ukumbi wa parokia si kama kimya kingine. Kuna friji inayonguruma, kuna mtoto anayeburuta kiti, kuna picha ya Bikira Maria iliyopinda kidogo. Anaclet alibaki amesimama na mikono yake mikubwa. Mathieu akamvuta koti, naye akainama.

"Sema hivi," Mathieu alimnong'oneza. "Mwezi wa ine, ile mwaka, nilitupa mabomu mbili karibu na Kasembe. Wingu ilikuwa imefunga. Sikuona fasi ilianguka."

"Beau-frère, hapa hapana fasi ya..."

"Sema."

Anaclet alinyooka, akakohoa. "Familia, baba ya binti anasema, kulikuwa siku moja tempête kubwa sana, radi, éclairs..."

Mathieu akavuta koti.

"Anasema haikukuwa tempête," Anaclet alisema. "Kulikuwa wingu tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Anasema alikuwa na mabomu mbili. Alifika juu ya Kasembe, akafanya manœuvre ya ajabu..."

Koti likavutwa tena.

"Anasema hakufanya manœuvre. Aliachia tu. Hakuona chini." Anaclet akainama, akasikiliza, na uso wake ukabadilika. "Hiyo siwezi kusema mbele ya wakwe," alinong'ona, na ukumbi wote ulimsikia.

"Sema," Mathieu alirudia.

Sauti ya Anaclet, aliponyooka safari hii, ilikuwa ile ya mlangoni, ya neno moja. "Anasema aliandika uongo. Aliambia wakubwa alivunja daraja. Hakuvunja. Anasema toka ile siku hajue mabomu ilianguka wapi. Kama kuko muntu alikufa Kasembe, anasema ni yeye njo alimuua. Na kama juu ya ile munakataa, mukatae yeye. Mutoto musimulaumu."

Mlango wa jikoni ulikuwa umefunguka upana wa kiganja. Hakuna aliyeutazama.

Maman Thérèse alimshika Kapend sikio, si kwa ukali, akamsogeza karibu na kumnong'oneza. Alinong'ona kwa muda mrefu. Mathieu alitazama midomo yake ikienda, hatua nne mbele yake, na baadaye alisema kwamba hata siku injini ilipomzimikia juu ya bahari ya Lecce hakuwahi kungojea kitu kwa namna ile. Kisha akaona mabega ya Tonton Kapend yanatikisika. Hakujua kama mzee analia au nini.

"Maman anauliza," Kapend alisema, akifuta macho, "ilikuwa siku gani ya juma?"

"Jeudi," Anaclet alitafsiri mnong'ono: Alhamisi.

"Asubuhi ao mangaribi?"

"Asubuhi. Saa tatu."

"Anauliza, yote mbili ilianguka pamoja?"

"Anasema aliziachia pamoja."

Kapend akainama tena kusikiliza, lakini Maman Thérèse alimsukuma kwa kiwiko. "Tonton, ikala chini," alisema. "Unachelewa sana. Nitalipa ile kreti."

Akasimama, akashusha kitenge.

"Papa Mwamba, ku Kasembe kuko ziwa kamoja, nyuma ya mugini. Kila asubuhi wamama wote tulikuwa tunaloweka mihogo mule. Wote. Miye nilikuwa na miaka dix-sept, kumi na saba, kila asubuhi nilikuwa mule mu mayi paka hapa." Alijigusa kiunoni. "Donc ile jeudi nilipashwa kuwa mule."

Maman Thérèse alishusha mkono.

"Sasa, mercredi, ile siku ilitangulia, nyanya yangu alikufa. Alikuwa muzee, alikuwa muchokozi, alikufa. Kwetu, siku ya matanga, hakuna mwanamuke anaenda ku mayi mbele ya kuzika. Tulikuwa wote ngambo ingine ya kilima, mugini muzima, tunaimba. Njo tukasikia. Mbili. Udongo ikaruka. Kwaya ikalala chini. Pasta akaingia chini ya kitanda yenye maiti iko. Muntu mumoja tu hakuogopa, ni nyanya."

Kicheko kilianza upande wa kushoto, kwa wale waliowahi kusikia habari hiyo.

"Batoto wakakimbia kuona. Ziwa ilikuwa nyeupe. Nyeupe, papa. Samaki, matumbo juu. Samaki ile hatujaonaka, kubwa, yenye ndevu. Na ile ilikuwa vita, hakukuwa unga, hakukuwa mafuta, tulikuwa tunasikia haya, tunazika nyanya bila kulisha bantu. Tukakula samaki siku tatu. Ingine tukakausha. Bantu ya migini ingine wakakuja kulia nyanya, hata wale hawakumupenda." Alivua miwani, akaifuta. "Pasta alihubiri ile kintu miaka mingi. Kwamba nyanya kufika tu juu, akatutumia chakula. Kaburi yake iko na msalaba ya saruji sababu ya ile samaki. Quarante-huit ans, miaka arobaini na nane, tunamushukuru."

"Kumbe ni beau-frère," Anaclet alisema, kwa sauti yake ya Jumamosi.

Hapo ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti vya mbele yao. Tonton Kapend alikaa chini na kuinuka tena bila sababu. Mathieu pekee ndiye aliyekuwa hajacheka bado. Alisimama, na alisahau msemaji, na alisahau kreti.

"Hakuna mutu?"

"Ku Kasembe, hakuna."

"Hata mutoto?"

"Minakuambia mugini muzima ulikuwa ngambo."

"Hata muchungaji? Hata muvuvi?"

"Papa, unamutafuta?" Maman Thérèse alisema, na safari hii walicheka kwa upole. Kisha aliinua mkono, wakanyamaza. "Lakini nitakuambia yote, juu usifikiri ni kicheko tupu. Mutumbwi wa tonton wangu ulipasuka, hakupata mwingine. Na mama yangu, sikio ya kuume haikusikia tena. Alikuwa amesimama karibu na kilima. Alikufa nayo vile. Ilikuwa mwanamuke wa kuimba, na nyuma ya pale alikuwa anaimba mbaya."

"Pole, maman," Mathieu alisema.

"Ninapokea," alijibu. Nadhani hilo ndilo lililomtua. Angesamehewa yote kwa mkupuo mmoja wa kicheko, asingeamini. Alipopewa samaki na sikio pamoja, aliamini vyote.

Chloé alikuwa tayari ametoka jikoni, kabla ya kuitwa, na unga wa maandazi kwenye mkono wa gauni. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akamshika kiuno. Shangazi mmoja alilia kwamba bibi harusi ameharibu dote.

"Kreti tatu," Tonton Kapend alitangaza. "Papa, maman, na ua lenyewe. Na munasikia, kabla ya kuendelea, miye nataka kuuliza Tonton Anaclet. Ile ua, iko na mwenyewe, ao haina?"

"Iko na mwenyewe," Anaclet alisema, akipangusa kipaji. "Lakini mwenyewe amechoka. Ingieni, mutoe vintu."

Na vitu vikatolewa. Kitenge cha Rolande kilikuwa kifupi, akakilalamikia, wakamwongezea kingine. Doudou alipiga magoti pasipotakiwa. Mambo yaliyobaki yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote, kwa kelele, na mtu mmoja aliyekuwa ameegesha gari mahali pabaya.

Wakati wa kula, Maman Thérèse alichukua sahani yake, akavuka ukumbi, akaketi karibu na Mathieu. Desturi haikuwa na la kusema tena kuhusu wawili hao. Alikula kwa bidii kwa muda, kuku na sombe ya majani ya muhogo, kisha akaona kwamba sahani ya mwenzake haijaguswa.

"Haukuli?"

"Ninakula."

"Minakuona. Unashika kijiko tu."

Mathieu alikiweka kijiko chini. Sasa uso wake ulikuwa umelegea, na alionekana mdogo kwa miaka kumi na mzee kwa miaka kumi, vyote pamoja. "Maman Thérèse, Kasembe ilikuwa moja," alisema. "Safari ilikuwa sita."

Maman Thérèse aliendelea kutafuna. Upande wa pili Anaclet alikuwa ameanza kusimulia yaliyotokea kwa watu waliokuwepo yakitokea, na tayari kulikuwa na radi ndani yake.

"Ile tano ingine," Maman Thérèse alisema mwishowe, "majina unayajua?"

"Ninayajua."

"Leta moja."

Mathieu hakuwahi kuyatamka kwa sauti, hata peke yake, hata kwa Rolande. "Mulowa," alisema. "Karibu na reli. Mwezi wa tatu."

"Mulowa." Maman Thérèse alilamba vidole, akafuta kwa kitenge, akachomoa simu kifuani. "Mama yangu mudogo Émérance aliolewa kule. Soixante-dix-sept alikuwa kule na batoto wawili. Yee ni muongo mukubwa ku mambo ya bei ya samani, lakini ya vita hasemi uongo."

"Pengine atasema..." Mathieu alianza.

"Pengine. Atasema yenye aliona." Alimtazama juu ya miwani. "Unataka, ao tunakula?"

Doudou, aliyekuwa akipita na soda, alisimama. Chloé, kwenye meza ya mbele, aligeuza kichwa. Mathieu alitazama mikono yake juu ya kitambaa cha karatasi. "Piga," alisema.

Simu iliita, mlio mrefu wa mbali, mara tatu, mara nne. Kisha sauti ya kizee, kali, ikatoka kwa nguvu hata Mathieu akaisikia kutoka alipoketi.

"Thérèse? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, mama mudogo."

"Basi juu ya nini unapiga? Toka Pasaka haujanipigia."

"Niko ku dote ya Doudou. Minakupatia mukwe wetu, baba ya binti. Muntu muzuri. Alikuwaka rubani ya ndege, ile wakati ya vita ya siku quatre-vingts. Anataka kukuuliza kintu ya Mulowa. Umujibu vile iko, usimufichie."

Upande wa kule jogoo aliwika, na redio ikasikika.

"Umupatie," sauti ilisema.

Mathieu alifuta mikono yake vizuri, kidole kwa kidole, akaipokea simu kwa mikono miwili, akaanza kwa kumwamkia.